Chaji ya Saa Janja, Kutoka Foleni ya Tunduma hadi Milima ya Ileje

Saa janja hutofautiana mno katika kutunza chaji. Ipo inayozima kabla ya siku ya pili kupambazuka, na ipo inayofikisha wiki mbili bila kuguswa na waya. Zote huuzwa kwenye kabati moja la kioo, pengine zikiwa na sura zinazofanana kiasi kwamba mnunuzi huchagua kwa rangi ya mkanda. Kinachozitenganisha kimo ndani: ukubwa wa betri, aina ya kioo, mfumo endeshi, na wingi wa kazi ambazo saa huzifanya usiku na mchana bila mwenyewe kuambiwa. Mahali ambapo umeme haukatiki, tofauti hiyo ni usumbufu mdogo tu. Kwa mkazi wa kata ya Ikinga, kwenye milima ya Wilaya ya Ileje, au kwa dereva wa lori aliyekwama siku kadhaa kwenye foleni ya Tunduma, ndiyo inayoamua kama alichovaa mkononi ni saa au ni bangili.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na ndani yake mna karibu kila hali inayoweza kuipata betri. Tunduma ni mji wa biashara mpakani na Zambia, mji wa malori, vibanda vya simu na vumbi la kiangazi. Mbozi na Ileje ni nyanda za juu, ambako baridi ya Juni na Julai huuma kweli. Momba inateremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto. Umeme wa gridi upo mijini, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umesogeza nguzo hadi vijijini, lakini nyumba iliyo mbali na nguzo bado hutegemea sola, na hata penye nguzo umeme hukatika, hasa msimu wa mvua na radi.

Saa kula betri si jambo lililoanza na saa janja. Kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, Desemba 1969, betri yake ilidumu kama mwaka mmoja. Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani ikaleta Pulsar, saa ya kwanza ya mkononi kuonyesha muda kwa tarakimu za taa. Taa hizo nyekundu zilikuwa na njaa ya umeme kiasi kwamba kioo kilikaa cheusi kutwa nzima; mvaaji alibonyeza kitufe ndipo tarakimu ziwake kwa muda mfupi, kisha zizime. Anayevaa saa janja leo na kuinua mkono ili kioo kiwake anatumia dawa ileile ya mwaka 1972. Baadaye kioo cha LCD, kisichotoa mwanga chenyewe, kilipunguza ulaji huo kwa kiasi kikubwa mno. Casio F-91W ya mwaka 1989, ambayo hadi leo inapatikana kwa urahisi katika masoko ya Afrika Mashariki, hutembea takriban miaka saba kwa betri moja bapa ya duara.

Kisha saa ikaanza kuzungumza na simu. Pebble, iliyowafikia wateja mwaka 2013 ikiwa na kioo cha aina ya karatasi ya kielektroniki, ilidumu kama wiki moja. Apple Watch ya kwanza, iliyoingia sokoni tarehe 24 Aprili 2015, ilitangazwa kwa saa 18. Kutoka miaka saba hadi saa 18 ni anguko kubwa, na sababu yake ni kwamba kifaa chenyewe kilikuwa kimebadilika kazi: kilikuwa sasa ni kompyuta ndogo yenye kioo cha rangi, spika, maikrofoni na vihisi, iliyofungwa kwenye mkanda.

Betri inayobeba mzigo huo ni ya ioni za lithiamu, aina iliyotolewa kibiashara kwa mara ya kwanza na Sony mwaka 1991, na ambayo waasisi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake ioni za lithiamu husafiri kati ya tabaka mbili. Tabaka moja ni la madini ya grafiti, ambayo Tanzania inayo kwa wingi Mahenge, mkoani Morogoro. La pili, katika betri nyingi za vifaa vidogo, ni la mchanganyiko wenye kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga, na sehemu yake husafirishwa kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ikavuka Zambia hadi Nakonde, ikaingia Tunduma na kuendelea hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha ng'ambo kusafishwa, zaidi nchini China. Inawezekana kabisa kwamba madini yaliyomo kwenye saa iliyo kabatini Tunduma yaliwahi kupita barabarani mbele ya duka hilohilo, miaka michache kabla. Mji unaopitisha shehena hiyo una haki ya kuijua bidhaa yake inaporudi.

Ukubwa wa betri huandikwa kwa miliampea-saa, alama yake mAh. Simu nyingi za sasa zina mAh 5,000. Saa janja haina nafasi hiyo. Xiaomi Smart Band 8 ina mAh 190; Samsung Galaxy Watch4 ina 247 katika umbo dogo na 361 katika umbo kubwa; Huawei Watch GT 2 ya milimita 46 ina 455. Kwa hiyo saa yenye mAh 300 imebeba sehemu moja ya 17 hivi ya umeme wa simu, na inatakiwa iishi muda mrefu kuliko simu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa kudhani kuwa mAh nyingi ndizo siku nyingi. Galaxy Watch4 kubwa, yenye mAh 361, ilitangazwa kwa hadi saa 40. Smart Band 8, yenye karibu nusu ya hizo, ilitangazwa kwa hadi siku 16. Tofauti inatokana na matumizi. Saa yenye betri ya mAh 300 ina takriban wati-saa 1.15 za umeme. Ikiisha kwa saa 18, maana yake imekuwa ikila miliwati 64 kwa wastani. Watch GT 2 ina wati-saa 1.75 hivi, na ikifikisha siku 14 ilizotangaziwa imekula miliwati 5 tu. Moja inakula zaidi ya mara 12 ya mwenzake, ingawa zote zinaonyesha muda, hatua na mapigo ya moyo.

Chanzo kikubwa cha pengo hilo ni mfumo endeshi. Saa za Apple, na zile zinazotumia Wear OS ya Google, zina mfumo mkubwa unaofanana na wa simu: hupokea programu za watu wengine, ramani, malipo, mazungumzo kwa sauti. Prosesa yake ina nguvu, na nguvu hula. Saa nyingi za Huawei, Xiaomi, Amazfit na oraimo hutumia mfumo mwepesi uliotengenezwa kwa kazi chache zinazojulikana, na prosesa ndogo inayolala muda mwingi. Wapo waliojaribu kuchanganya: OnePlus Watch 2 ya mwaka 2024 imewekewa prosesa mbili, kubwa ya Wear OS na ndogo ya kazi nyepesi, ikatangazwa kwa hadi saa 100. Lakini kwa saa nyingi sokoni mnunuzi anachagua upande mmoja: uwezo mwingi na chaji ya kila siku, au uwezo wa kawaida na chaji ya wiki.

Takwimu ya kwenye boksi nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Neno "hadi" lililoitangulia lina uzito wake. Apple ilieleza jinsi ilivyozipata saa 18 za mwaka 2015: kutazama muda mara 90, kupokea arifa 90, kutumia programu dakika 45, na mazoezi ya nusu saa yenye muziki. Huo ni mtindo wa maisha wa mtu mmoja wa kufikirika. Mfanyabiashara wa Tunduma aliye kwenye makundi kumi ya WhatsApp hupokea arifa 90 kabla ya saa nne asubuhi. Watengenezaji wa saa za wiki mbili nao hupima kwa mpangilio mpole: kioo kikizimika kisipotazamwa, mapigo ya moyo yakipimwa kwa vipindi, GPS ikitumika kidogo. Katika matumizi ya kawaida, ni salama mnunuzi akihesabu nusu hadi theluthi mbili ya kilichoandikwa; akipata zaidi, ashukuru.

Kioo ndicho mlaji wa kwanza. Aina ya AMOLED, iliyoenea sasa, huwasha kila nukta yake peke yake, na nukta nyeusi huwa imezimwa kabisa. Ndiyo maana sura ya saa yenye mandhari nyeusi na tarakimu chache hutunza chaji kuliko picha ya mtoto au ya ua jeupe. Kioo kinachowaka muda wote ndicho kinachoumiza zaidi: Smart Band 8 iliyotangazwa kwa siku 16 huteremka hadi siku 6 kikiwashwa. Mwanga nao una hesabu yake. Saa sita mchana shambani, jua likiwa utosini, saa inayojirekebisha mwanga hupandisha hadi kiwango cha juu ili isomeke. Anayefanya kazi juani kutwa asishangae saa yake kuisha mapema kuliko ya ndugu yake aliyeko ofisini Vwawa.

Vihisi hufuata. Mwanga wa kijani unaometa mgongoni mwa saa hupimia mapigo ya moyo: damu hunyonya mwanga huo, na kiasi kinachorudi hubadilika moyo unapodunda. Kupima kila sekunde ni gharama. Kupima kila dakika kumi ni nafuu sana, na kwa mtu mzima mwenye afya asiyefanya mazoezi makali hakuna anachokosa. Kipimo cha oksijeni ya damu hutumia mwanga mwekundu na wa infraredi, na kikiachwa kikipima usiku kucha hukata chaji kwa namna inayoonekana asubuhi. Wengi huwasha vipimo vyote siku ya kwanza kwa shauku, wasivitazame tena, huku saa ikiendelea kuvilipia kila usiku. Kuvizima visivyotazamwa ni hatua yenye faida kubwa, na haimgharimu mtu hata senti.

GPS ni mlaji wa aina yake. Kupokea ishara dhaifu kutoka kwa setilaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 angani kunahitaji redio iliyo macho muda wote. Garmin Forerunner 55, saa inayopendwa na wakimbiaji, imetangazwa kwa wiki mbili katika matumizi ya kawaida na saa 20 GPS ikiwa kazini. Mkimbiaji anayefanya mazoezi saa mbili kila siku hutumia asilimia 10 kwa mbio na karibu asilimia 7 kwa saa 22 zilizobaki, hivyo atachaji kila baada ya siku sita hivi. Hiyo si hitilafu, ni hesabu. Anayetembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji katika milima ya Ileje na kuwasha GPS kila safari asitarajie siku 14.

Arifa huonekana ndogo lakini huja kwa wingi. Kila moja huwasha kioo, huzungusha mota ya mtetemo na kuamsha redio ya Bluetooth. Suluhisho ni kuchagua: simu zinazopigwa, SMS za kawaida na ujumbe wa pesa za mtandao zibaki, makundi yazimwe. Mtu anayepokea malipo ya M-Pesa au Airtel Money dukani hunufaika kweli na saa inayotetema pesa inapoingia. Hanufaiki na salamu za asubuhi za watu 200. Kupokea simu kwa spika ya saa pia hula haraka, na saa zinazosifiwa kwa uwezo huo ziko nyingi siku hizi.

Mpakani kuna jambo ambalo vitabu vya maelekezo haviligusi. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia na Malawi: Tunduma ikiwa saa mbili asubuhi, Nakonde, ng'ambo ya barabara, ni saa moja. Simu iliyo karibu na mpaka inaweza kunasa mnara wa jirani, na kama imewekwa ijirekebishe muda yenyewe, hurudi nyuma saa moja. Saa janja huuchukua muda kutoka kwenye simu, kwa hiyo nayo hurudi. Kengele iliyowekwa saa kumi na mbili asubuhi italia saa moja kamili, na basi la Mbeya limeshaondoka. Kwa wakazi wa mpakani, Tunduma au ukingo wa Mto Songwe upande wa Ileje, ni vizuri kuzima mpangilio wa muda wa kiotomatiki kwenye simu na kuchagua saa za Afrika Mashariki kwa mkono.

Kunasa minara ya nchi mbili kuna gharama ya chaji pia, zaidi upande wa simu. Simu inayohama mtandao kila mara, au inayotafuta mtandao bondeni, huongeza nguvu ya redio yake na kumaliza betri mapema. Simu ikizima, saa hubaki ikiuliza iko wapi. Saa zenye laini yake yenyewe huumia moja kwa moja. Zile za bei nafuu zenye tundu la laini ndogo, zinazouzwa kama simu za mkononi kwa maana halisi, zinaweza kuisha ndani ya siku moja mahali penye mtandao dhaifu. Katika vilima vya Ikinga, ambako mnara unaweza kuwa nyuma ya mlima, saa inayotegemea Bluetooth ya simu iliyo mfukoni ndiyo ya busara. Saa ikiachwa mbali na simu kwa muda mrefu, kwa mfano simu iko kwenye chaji kwa jirani na mwenyewe yuko shamba, ni bora kuzima Bluetooth ya saa isihangaike kuitafuta.

Baridi ya Juni na Julai hupunguza kasi ya kemia ndani ya betri, lakini saa iliyovaliwa hupata joto la ngozi na haidhuriki. Iliyoachwa mezani usiku inaweza kuonyesha asilimia pungufu alfajiri, kisha ikarudi sawa ikivaliwa. Joto ndilo adui wa kweli. Betri iliyojaa ikiachwa kwenye joto kali huzeeka haraka mno, na dashibodi ya lori lililoegeshwa juani kwenye foleni ya Tunduma ni mahali pabaya kabisa pa kuweka saa. Ikae mkononi au ndani ya begi, kivulini.

Kuhusu kuchaji, gharama ya umeme si tatizo hata kidogo. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Hata nusu yake ikipotea njiani, inatosha kuchaji saa ya wati-saa 1.2 kila siku kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tatizo ni upatikanaji. Mahali ambapo watu hupeleka simu kwenye kibanda cha kuchajia na kulipia kila mara, saa ya kuchaji kila siku huongeza safari na gharama, na saa hukaa kibandani badala ya mkononi. Saa ya wiki huchajiwa siku ambayo simu inapelekwa, ikamaliza ndani ya saa moja au mbili.

Pawabenki husaidia, lakini ina tabia inayowachanganya wengi. Ya mAh 10,000 inaweza kuijaza saa ya mAh 300 zaidi ya mara 15. Hata hivyo pawabenki nyingi hujizima zinapoona umeme unaotoka ni mdogo mno, zikidhani hakuna kilichochomekwa. Saa hula umeme mdogo, hasa inapokaribia kujaa, kwa hiyo mtu huichomeka usiku akaikuta asubuhi ina asilimia 40. Njia rahisi ni kuchomeka simu na saa kwa pamoja kwenye pawabenki hiyo. Baadhi zina hali ya umeme mdogo inayowashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili. Taa za sola zenye tundu la USB, za kampuni kama Sun King na d.light, huichaji saa vizuri kwa sababu zina betri katikati. Kuunganisha saa moja kwa moja na paneli isiyo na kidhibiti hakufai, maana umeme hupanda na kushuka kila wingu linapopita. Bodaboda na malori yenye tundu la USB hufaa, mradi adapta iwe nzuri na itoe volti 5. Chaja kubwa ya haraka haiongezi kasi kwa saa isiyotengenezwa kwa ajili yake. Radi ikianza, kila kitu kichomolewe ukutani. Adapta ndogo haina kinga ya kutosha.

Sehemu inayoharibika kabla ya betri, mara nyingi, ni mahali waya unapogusa. Saa nyingi za bei ya kati huchajiwa kwa vinundu viwili vya chuma mgongoni vinavyoshikwa na sumaku. Jasho, sabuni na vumbi hutengeneza utando wa kijani au mweusi juu yake, na saa huanza kukataa chaji au kuchaji kwa kukatakata. Mwenyewe hudhani betri imekufa, akanunua saa nyingine. Kitambaa laini chenye spiriti kidogo, kikifuatwa na kikavu, huondoa utando huo kwa dakika moja. Saa ifutwe kila baada ya kazi ya jasho, na isichajiwe ikiwa na maji. Kuandikwa kuwa haiingii maji hakumaanishi iogwe nayo kwa maji ya moto na sabuni, ambavyo hulegeza mpira wa kuziba.

Betri yenyewe huzeeka kwa njia mbili: kwa kuchajiwa na kwa umri. Apple inasema betri za saa zake zimeundwa kubaki na hadi asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 1,000 kamili ya chaji. Inayochajiwa kila siku hufika hapo kabla ya miaka mitatu. Inayochajiwa mara moja kwa wiki ina mizunguko 52 tu kwa mwaka, hivyo umri ndio utakaoimaliza, si chaji. Hili hufanya saa ya wiki iwe na faida maradufu: hata ikipoteza theluthi ya uwezo, kutoka siku tisa hadi sita, bado inatumika. Saa ya siku moja ikipoteza theluthi haifiki jioni. Saa isiyotumika kwa miezi ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji. Iliyowekwa kabatini ikiwa tupu inaweza isiamke tena.

Kubadilisha betri kunawezekana, lakini si kazi ya kila fundi simu. Saa imegundishwa kwa gundi, betri ni ndogo, na ikishafunguliwa kinga ya maji hupungua hata ikifungwa vizuri. Kioo kikionekana kuinuka upande mmoja, huenda betri imevimba: saa izimwe, isichajiwe, isitobolewe. Betri ya lithiamu haitupwi motoni wala shimo la choo. Irudishwe kwa fundi anayekusanya vifaa chakavu.

Kwa anayekwenda kununua Tunduma, jambo la kwanza ni kujua kwamba soko lina kopi nyingi, hasa zile za umbo la Apple Watch Ultra, zenye maandishi makubwa na mAh zisizo za kweli. Kipimo kimoja hakikosei: saa halisi ya Apple huungana na iPhone tu. Anayeuziwa "Apple" inayokubali simu ya Android ameuziwa kopi. Vilevile Galaxy Watch kuanzia toleo la nne haziungani na iPhone. Kopi si lazima iwe mbovu, lakini hakuna anayewajibika kwa siku zilizoandikwa kwenye boksi lake. Risiti ya EFD na dhamana ya maandishi zidaiwe, kwani bila hizo malalamiko hayana pa kushika, hata mbele ya Tume ya Ushindani. Anayenunua Nakonde kwa sababu ya bei akumbuke kuwa kuirudisha ni kuvuka mpaka tena.

Kuna jaribio jepesi la kufanya ndani ya siku za kurudisha bidhaa. Siku mbili za kwanza zipite, maana saa huwa inapakua masasisho na mwenyewe anaichezea. Kisha ijazwe hadi asilimia 100, ivaliwe siku nzima kwa matumizi ya kawaida, na baada ya saa 24 asilimia zilizopungua zihesabiwe. Mia igawanywe kwa hizo. Zikipungua 9, saa itadumu siku 11. Zikipungua 50 kwenye saa iliyouzwa kama ya wiki mbili, irudi dukani siku hiyohiyo.

Zipo pia saa zinazojichaji kwa jua, kama Garmin Instinct 2 Solar ya mwaka 2022, ambayo kampuni inasema haihitaji waya kabisa katika matumizi ya kawaida ikipata saa tatu kwa siku za mwanga mkali wa lux 50,000. Kiangazi cha Songwe kinatoa mwanga huo bila shida, mradi saa isifunikwe na mkono wa sweta. Bei yake ndiyo kikwazo kwa wengi.

Kwa kaya isiyo na umeme wa uhakika, saa inayotangazwa chini ya siku saba haifai, hata iwe nzuri namna gani na hata ipunguzwe bei. Na kabla ya kulipa, mnunuzi aulize waya wa akiba. Waya za saa hazifanani kama za simu. Ya Xiaomi haiingii kwenye Huawei, na hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kutofautiana. Muuzaji akisema waya wa akiba haupatikani Tunduma wala Mbeya, saa hiyo ibaki kabatini kwake.